Roki ya theluji kwenye joto la kaskazi, nyinyi mwaskiza albamu gani?

jasho_la_bombolulu:

Jamani salamu kwa wote. Hili swali nilishaliuliza baraza ya kahawa nikachekwa mpaka mwenye kahawa akacheka, nimeamua kulileta hapa manake najua wapo wagonjwa kama mimi.

Iko hivi. Mimi ni mtu wa indi roki, ile roki ya bendi zisizo chini ya makampuni makubwa ya muziki, tangu niko sekondari, si kwa kujionesha, ndio muziki ulionikaa tu. Juzi katikati ya Januari niko kwa matatu narudi nyumbani, saa kumi na moja jioni, tumekwama juu ya daraja la Nyali, dirisha la upande wangu halifunguki na jua lote laingia ubavuni. Nikaweka For Emma, Forever Ago ya Bon Iver. Albamu naipenda mno, naijua toka mwanzo hadi mwisho. Lakini walahi siku hio haikuingia. Yule jamaa Justin Vernon, ndiye Bon Iver mwenyewe, aliirekodi msimu wa baridi kwenye kibanda cha babake cha kuwindia huko Wisconsin, bendi imevunjika, mapenzi yamevunjika, mwili mgonjwa, nje theluji. Ile baridi unaiskia mpaka kwenye pumzi zake. Na mimi jasho lanitiririka hadi kwa soksi, kando yangu mama kapakata ndoo ya samaki, na huyu ananililia theluji masikioni. Nikaona hii ni sawa na kuvaa sweta Kongowea saa saba mchana.

Ndio nikaanza kufikiria, huu muziki wetu karibu wote umezaliwa kwenye baridi na mvua. Manchester, Sheffield, Glasgow, Montreal, hata ukiangalia picha zao ni majaketi na mashali. Sisi huku kaskazi ikivuma, toka Disemba mpaka Machi, ni mvuke tu, shuka lenyewe la kujifunika usiku ni adui. Sasa swali, kuna albamu ya indi inayokubali joto letu? Na tafadhali asije mtu kuniambia skiza rege, rege naipenda lakini si swali langu. Nataka gitaa, nataka mtu anayeimba kama hajui kuimba, ila isinikatae nikiwa na jasho.

La pili, kuna mtu ashawahi kuona shoo ya maana ya bendi ya roki hapa Mombasa? Laivu, si video. Mimi niliona moja nitawasimulia baadaye, nlitoka na kichwa chaniuma siku mbili.

binti_tudor:

Ndoo ya samaki imenimaliza 😂😂

Kaka jibu liko wazi kama mchana, Vampire Weekend, ile albamu yao ya kwanza ya 2008. Walikuwa wanafunzi wa chuo cha Columbia huko New York, watoto wa mashati yaliyopigwa pasi, lakini sijui waliskiza nini manake gitaa zao ni za Kongo kabisa. Kuna wimbo waliuita Cape Cod Kwassa Kwassa, yani kwasa kwasa, ile ile ya Kanda Bongo Man tuliyokuwa tukiona mashangazi zetu wakiicheza mpaka kiuno kigome. Cape Cod ni pwani ya matajiri huko Marekani. Mara ya kwanza kuiskia nilikuwa jikoni nasukuma chapati, mamangu akapita akasimama, akauliza hawa ni akina nani wanapiga Kilingala bila Kilingala. Sijawahi kusahau hio sentensi, ni uchambuzi kushinda wa magazeti yote.

Ni albamu fupi, nyepesi, haikai mwilini. Jaribu nayo hapo darajani.

beach_boy_mstaafu:

Beach House basi, si jina lenyewe lasema nyumba ya pwani 😎

binti_tudor:

Hao wanatoka Baltimore na muziki wao ni wa kulala. Teen Dream ukiiweka saa nane mchana na hili joto utaamka magharibi hujui uko wapi na chakula kimeungua. Tafadhali.

nyuzi6:

Nimekaa kimya lakini hapa kwa Vampire Weekend lazima niseme kitu. Mimi ni mpiga gitaa, nishapiga hoteli za huku kaskazini mwa mji miaka mingi, kwa hivo nisamehe dadangu nikiingia kwa undani kidogo.

Vampire Weekend si wabaya, lakini wameokota rangi wakaacha ufundi. Gitaa ya Kongo haiko peke yake. Kuna ridhimu, kuna solo, na katikati kuna ile inaitwa mi-solo, na kazi ya mi-solo ni kufuma, huyu akiacha pengo yule analiziba, hakuna mtu anayepiga wimbo mzima, wimbo uko katikati yao. Sasa ukitaka kuskia hio kazi kwenye indi usiende kwa wenye jina la kwasa kwasa, nenda kwa The Strokes. Is This It, 2001. Nick Valensi na Albert Hammond Jr., skiza mmoja kwa sikio la kulia na mwingine kwa la kushoto, hao hawagongani hata mara moja. Siwezi kusema wamejifunza Kinshasa, sina ushahidi, lakini mkono wangu wa kushoto unajua ninachosema manake nlipojaribu kuziiga nlikuta nafanya mambo niliyofundishwa na mzee mmoja wa Kikongo pale Bamburi.

Na kwa swali lako la joto, ile albamu ni kavu. Haina mwangwi. Waliirekodi kwenye chumba cha chini ya nyumba huko New York, na sauti ya Julian Casablancas ikapitishwa kwa kiamplifaya kidogo cha mazoezi, ndio maana yatoka kama matangazo ya pale stendi. Muziki wenye mwangwi mwingi na joto letu haviendani, hewa ishajaa tayari, waongeza maji kwenye maji. Muziki mkavu unapenya. Hio ni nadharia yangu na sikuombi uikubali. Halafu ni dakika 36 tu, nyimbo 11. Foleni ya daraja la Nyali ikiwa ya kawaida utaimaliza ukifika taa za upande wa pili.

Kama wataka roki na gitaa za huku kwetu zikiwa zimekaa meza moja bila mmoja kumtumikia mwingine, tafuta Extra Golden. Ni Wamarekani wawili wa roki na wapiga benga wa Kenya. Mmoja wao Ian Eagleson alikuja kusomea benga, akakutana na Otieno Jagwasi wakaanza kupiga pamoja. Albamu ya kwanza Ok-Oyot System ilitoka 2006 na Jagwasi mwenyewe alikuwa ashafariki mwaka uliotangulia, Mungu amrehemu, hakuiona. Ya pili ya 2007 ina wimbo unaitwa Obama, na si wa kampeni, ni wa shukrani tu, walipokuwa wanahangaika na viza za kwenda kupiga Chicago ofisi yake akiwa seneta ndio iliyowasaidia. Kila mtu aliyewahi kupanga foleni ya viza anauelewa ule wimbo.

kanda_na_flashi:

Nyuzi6 heshima zako mzee. Lakini kumaliza Is This It kabla ya kufika taa, hio foleni yako ni ya mwaka gani?

Mimi wacha niwape historia manake hapa wengi ni watoto. Nlikuwa nafanya kazi kwa saiba moja ya mjini, 2007, mwezi wa kumi. Radiohead wakatoa In Rainbows kwenye intaneti, wakasema lipa unachotaka, ukitaka hata usilipe. Ulimwengu mzima ukawa washangilia, ati muziki umekombolewa. Sisi huku tukaangalia ukubwa wa faili, megabaiti 48. Nyinyi wa bando za leo mnaona 48 ni nini, ni video ya paka. Wakati ule Mombasa hakuna waya wa baharini, SEACOM imefika 2009, kabla ya hapo intaneti yote yaenda juu kwa setilaiti irudi, na saiba nzima twagawana kijisehemu. Nlianza kudaunlodi saa tatu usiku tukishafunga, ikafika asilimia tisini na kitu ikakata. Nikaanza tena. Ikakata. Usiku wa tatu ndio ikaingia, na nikalala kwenye kiti, na asubuhi tajiri akanikuta hapo akanikata siku. Kwa hivo mtu akiniambia In Rainbows ilikuwa ya bure mimi namwangalia tu.

Lakini nlivoiskiza. Tajiri kashanifukuza mapema, nikashuka Mama Ngina nikaketi chini ya mbuyu na muhogo wangu wa pilipili, Oktoba ile upepo haujajua uende wapi. Nyimbo kumi. Sijawahi kuskia gitaa zikimwagika vile, kama maji ya kupwa yakirudi kwenye mawe. Na hapo ndio nikuletee jibu lako kaka jasho: tatizo lako si albamu, tatizo lako ni msimu. Mababu zetu walikuwa hawaendi safari bila kuangalia upepo, wewe waweka Bon Iver kaskazi imekaza wategemea nini? Kuna albamu za kusi na kuna albamu za kaskazi. Kusi ikianza, bahari imechafuka, mawingu, usiku wajifunika shuka kwa raha zako, hapo ndio Wisconsin inaingia vizuri. In Rainbows mimi naiweka katikati, tangambili. Yafaa pande zote mbili lakini si kwa nguvu.

mtu_wa_makupa:

Mimi naskiza Loveless ya My Bloody Valentine na jirani yangu ana kinu cha unga. Mwaka wa tatu sasa sijui albamu yaanzia wapi na kinu chaishia wapi. Kwangu misimu yote sawa 🤣

kanda_na_flashi:

Wewe una bahati, hao wakipiga laivu mashabiki walikuwa wapewa viziba masikio mlangoni kwa zile kelele zao. Wewe wapewa unga.

Nimesahau jambo moja. Jasho ulisema roki yote ya baridi, si kweli. Kuna Mdou Moctar wa Niger, jangwani, joto la kule letu ni friji. Afrique Victime, 2021, ilitoka kwa Matador, ndio lebo waliotoa Pavement na Yo La Tengo, kwa hivo asije mtu kusema si indi, ana cheti. Anapiga mkono wa kushoto, na gitaa yake ya kwanza aliitengeneza mwenyewe, nyuzi akatumia waya za breki za baisikeli, manake kwao hawakutaka apige muziki. Na nyimbo zake za mwanzo hazikuenea kwa redio wala intaneti, zilienea kwa simu, memori kadi na bluututhi, mtu kwa mtu mpaka zikavuka jangwa. Sasa nani hapa hajawahi kujaziwa memori kadi Mwembe Tayari shilingi hamsini? Mimi nliijaza mwenyewe miaka, najua ile biashara. Zile gitaa zake ukiziskiza juani hazikuombi msamaha.

nyuzi6:

Hilo la waya za breki nalijua na ndilo linanifanya nimheshimu kuliko wote mliowataja. Manake hamjui vita vya nyuzi hapa Mombasa. Chumvi ya bahari inakula kila kitu, seti mpya ya nyuzi ukiiweka ukikaa karibu na maji, wiki ya pili zishabadilika rangi, ya tatu ukipandisha kidole zakukwaruza, mwezi ukiisha ni kutu. Mpiga gitaa wa Nairobi anabadilisha akipenda, sisi twabadilisha tukilia. Ndio maana ukiskia gitaa za bendi za huku zina ile sauti ya kufifia kidogo, si mtindo, ni kutu. Mimi nakwambia mtu aliyekulia hapa anaipenda ile sauti bila kujua kuwa ni chumvi.

jasho_la_bombolulu:

Kumbe! Mimi nina gitaa ya mtumba iko nyuma ya kabati toka mwaka juzi, nliinunua nikiwa na ndoto, juzi nimeitoa nyuzi ziko rangi ya chai ya mkandaa. Nikadhani nimeuziwa mbovu.

Haya nliahidi shoo. Ilikuwa upande wa Mtwapa, mahali sitapataja. Tangazo lasema bendi ya roki saa mbili usiku, vijana wanne, nikasema leo ndio leo. Saa mbili hakuna mtu, saa tatu jamaa wa saundi ndio anafika na waya mabegani kama mvuvi na nyavu, saa nne na robo wakaanza. Spika mbili, moja yatoa sauti nyingine yatoa harufu. Mwimbaji humskii, dramu ndio dunia nzima. Watu mezani wamegeukia nyama zao. Wimbo wa tatu mwenyewe wa mahali akapanda mbele akamnong'oneza mpiga besi, na sote tukajua anasema nini, kwamba kuna wageni wa kizungu meza ya mbele wataka Jambo Bwana.

Mpiga besi akakataa. Mwenyewe akakaza. Wakasimama pale wanaangaliana, stejini kimya, aibu tupu, mimi nishaanza kutafuta pa kuangalia. Halafu yule wa dramu, kijana mwembamba hivi kajifunga taulo kichwani, akaanza chakacha. Taratibu tu. Wazungu wakapiga makofi wakidhani ndio yaja. Mpiga gitaa akamwangalia, akacheka, akaingia na ile I Bet You Look Good on the Dancefloor ya Arctic Monkeys, juu ya chakacha. Si kwa utani, kwa spidi yake, ule mdundo wa sita sita ukaichukua ile gitaa ukaizungusha. Akina mama wa meza ya nyuma waliokuwa kwenye besdei yao wakainuka. Mhudumu mmoja akaweka sinia chini. Dakika nne hivi. Halafu stima ikapotea, na ikapotea mtaa mzima, dramu ikaendelea gizani kama dakika moja watu wapiga vigelegele, halafu basi. Hawakulipwa, nlisikia wakibishana nje.

Kichwa kiliniuma siku mbili kwa sababu ya ile spika. Lakini mpaka leo nikiskia ile nyimbo kama ilivyo kwenye albamu naiona imekosa kitu.

binti_tudor:

Naomba huyo wa dramu apatikane 😭😭

nyuzi6:

Hio ndio kazi yetu umeieleza. Lakini msiidharau Jambo Bwana vijana. Najua imechosha, mimi nimeipiga mara elfu na kitu, kuna jioni moja nimeipiga mara nne kwa meza nne. Ila Them Mushrooms walikuwa bendi ya hapa hapa Mombasa toka 1972, ndugu kwa ndugu, Teddy Kalanda Harrison akatunga ule wimbo wakiwa wapiga mahotelini kama sisi. Bendi ya ndugu wa mtaa mmoja wapiga pasipo na studio kubwa wala tajiri, nyinyi mkiipata Sheffield mwaiita indi mwainunulia fulana. Na Mombasa Roots na Disco Chakacha yao walishachanganya mambo kabla huyo kijana wa taulo kuzaliwa. Yeye amefanya lile lile, na amefanya vizuri.

Na shoo kuharibika si ya Mtwapa peke yake. Radiohead Glastonbury 1997, OK Computer ndio kwanza imetoka, uwanja wote tope, spika za kujiskiza stejini zikafa, mwimbaji wao Thom Yorke taa zimempofua hawaoni watu, akataka kushuka aende zake. Akaomba taa ziwageukie watu awaone. Wakaendelea, na leo waambiwa ni moja ya shoo kubwa kuwahi kupigwa pale. Ukimwuliza yeye siku ile angekwambia ni balaa tupu. Mpiga muziki na msikilizaji hawako kwenye shoo moja, hilo nishalizoea.

mpinzani_wa_kibokoni:

Mimi nawapinga wote, kwa heshima.

Hii ya kutafuta albamu ya joto ni kujitafutia visingizio. Sisi wa Mji wa Kale tumekua na muziki wa kila upande, Misri, Bombay, Kongo, nani alimwuliza Juma Bhalo kwa nini anaimba mahadhi ya Kihindi na Bombay hajazaliwa? Kitu kizuri kinaingia. Mimi In the Aeroplane Over the Sea ya Neutral Milk Hotel, 1998, nimeiskiza juu ya dari nyumbani mwezi wa pili, saa tisa usiku, stima hakuna, feni imekufa, niko na shuka la maji. Yule Jeff Mangum anapiga makelele kama mtu anayesomewa, halafu ghafla matarumbeta yaingia, yamelewa, hayako sawa, na mimi nikaona beni. Beni kabisa! Ile ya harusi, bwana harusi katolewa, wazee wa tarumbeta wamechoka mmoja kachelewa noti. Beni imeanza pwani hii hii, Lamu na Mombasa, toka karne ya 19 inaisha, watu wakashindana mtaa kwa mtaa kwa mavazi na matarumbeta. Sasa wewe waniambia ile albamu ni ya baridi? Nlilia, na sikuwa na baridi yoyote.

Tatizo la kaka jasho ni kuskizia muziki kwenye matatu. Bon Iver kwenye matatu! Hata qasida haiingii darajani saa kumi na moja.

kanda_na_flashi:

Saa tisa usiku mwezi wa pili juu ya dari ndio kaupepo pekee tunakopata masaa ishirini na nne. Umekubaliana na mimi bila kujua sheikh. Ulingoja upepo.

mpinzani_wa_kibokoni:

Sikungoja upepo, nlikosa usingizi.

binti_tudor:

Kwa vile mpinzani amegusa mahadhi naongeza yangu moja halafu nilale. The National mnawajua? High Violet, 2010, kuna wimbo Sorrow, wa dakika tatu na kitu. 2013 msanii mmoja wa Iceland, Ragnar Kjartansson, akawaweka kwenye jumba la makumbusho New York wapige ule wimbo mmoja masaa sita. Mara 105. Hawakupiga mwingine. Watu waliandika kama ni kitu hakijawahi kuonekana duniani, na ni kizuri sikatai, kuna video mwimbaji anashindwa machozi yamkaba na watu wamwimbia wamalizie.

Lakini nyanyangu nlimweleza akasema sasa ajabu iko wapi. Kwenye taarabu wimbo waenda dakika kumi na tano, bibi mmoja anainuka na noti yake anamtunza mwimbaji, ubeti ule ule warudiwa kwa ajili yake, akiketi anainuka hasimu wake naye ataka ule ule aurudishe kwa mwenzake, mpaka kumekucha wimbo umebaki pale pale na mashuka mawili ya mafumbo yamefumwa juu yake. Na kila mara maneno ni yale yale na maana si ile. Nikarudi kuskiza Sorrow nikaona ndio, huyu jamaa mara ya mia si mara ya kwanza. Tofauti ni kuwa wao hakuna aliyewatunza.

Na High Violet ni ya kusi, hapo nampa kanda_na_flashi haki yake. Funeral ya Arcade Fire pia. Ile waliiita mazishi manake walifiwa na watu wa nyumbani kadhaa wakiwa wairekodi, mwaka 2003 kwenda 2004, Montreal, na bado ni albamu ya kuimba kwa sauti kubwa. Julai, mvua ya manyunyu, uko peke yako nyumbani. Sauti yote. Majirani watasamehe.

jasho_la_bombolulu:

Nimerudi na ripoti. Wiki nzima nimekuwa najaribu darajani, saa ile ile ya kumi na moja.

Jumatatu Vampire Weekend, yaenda vizuri sana mpaka nyimbo ya sita hivi halafu nikaanza kuona ni watoto wa shule, samahani binti_tudor, ila ile kauli ya mamako naiba. Jumanne Is This It. Nyuzi6 nakuamkia, shikamoo, ile nadharia ya ukavu ni kweli, joto liko pale pale lakini muziki uko juu yake hauzami. Nliskiza sikio moja moja kama ulivosema, makanga akaniuliza kaka hedifoni imekufa upande? Na haikuisha kabla ya taa, iliisha mara mbili.

Jumatano nikaacha, kichwa. Alhamisi nlitumwa Likoni, nikawa kwenye feri na Afrique Victime, saa saba mchana, nimesimama katikati ya mikokoteni na watu, vyuma vya moto huwezi kushika. Wimbo wenye jina la albamu una dakika saba na kitu, gitaa yake ikaanza kukimbia tukiwa katikati ya maji na haikusimama mpaka mlango wa feri ukashushwa upande wa pili na watu wakaanza kumiminika, na mimi nimesimama tu nasukumwa. Sikuwa na jasho? Nlikuwa nalo jingi. Sikulikumbuka.

Bon Iver nimemweka mpaka Juni. Nitamtoa siku ya kwanza nitakayotafuta shuka.

Nyuzi6 mzee wangu swali la mwisho, ile gitaa yangu ya nyuma ya kabati, nyuzi nitoe zote ama nianze na zile nyembamba? Na seti mjini naipata bei gani, ama kwa hili chumvi nitafute fundi baisikeli moja kwa moja?

nyuzi6:

Toa zote, usichanganye za kutu na mpya zitakusumbua ukizilinganisha sauti. Angalia na shingo ya gitaa kama imepinda, kabati za huku zina unyevu. Usiende kununua, mimi nina seti moja ya ziada iko kwenye mfuko wa mchele, ndivo ninavozihifadhi zisile chumvi. Jumapili niko Mwembe Tayari asubuhi kabla ya kazi, njoo na gitaa, na njoo na kitambaa kikavu.

Fundi baisikeli tumwachie Mdou.